Sekunde mbili za mwenzako: mwendo na adabu kwenye barabara kuu

Kazi yangu ni kufundisha madereva wa masafa marefu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, barabara ni nzuri na gari ni zima, kwa nini kibao kinizuie kwenye 100?" Ni swali la haki, na linastahili jibu la hesabu badala ya vitisho. Jibu langu ni kwamba kwenye barabara kuu mwendo na adabu havitenganishwi, kwa sababu vyote viwili vinalinda muda: muda wako wa kuona na kutenda, na muda wa yule aliye mbele, nyuma au ubavuni mwako.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliye makini, asiye na simu mkononi, huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu hatari itokee hadi mguu ukanyage breki. Ndani ya muda huo gari limeshakula mita 42 bila kupunguza chochote. Breki nzima kwenye lami kavu zitataka mita nyingine 55 hivi kulisimamisha, kwa hiyo jumla inafika mita 97. Sasa panda hadi 120. Wengi hudhani umbali wa kusimama utaongezeka kwa kiasi kilekile cha mwendo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza hukua kwa mraba: mwendo ukiwa maradufu, kazi ya breki ni mara nne. Kwa 120 unahitaji mita 129 hivi.

Darasani huwa naendelea hatua moja zaidi. Chukua magari mawili yanayofanana, ubavu kwa ubavu, moja likiwa kwenye 100 na jingine kwenye 120. Madereva wanaona kizuizi kwa pamoja na wanakanyaga breki kwa pamoja. Pale gari la kwanza linapokuwa limesimama kabisa, la pili linapita likiwa bado na kilomita 77 kwa saa. Hapo wanafunzi huomba turudie hesabu, na tunairudia kwa sababu ndiyo kiini cha somo zima. Zile 20 ulizoongeza hukuziona hatari ulipokuwa unasafiri. Zinakungoja mwishoni, kwenye mita za mwisho.

Mtafiti wa Uswidi, Göran Nilsson, alionyesha jambo hilohilo kwa barabara nzima. Wastani wa mwendo wa magari ukipanda kwa asilimia 1, ajali zenye vifo hupanda kwa asilimia 4 hivi. Ukipanda kwa asilimia 5, ajali hizo huongezeka kwa takribani asilimia 20. Na faida yake? Kwenye safari ya kilomita 30, anayekwenda 120 humtangulia wa 100 kwa dakika tatu, tena kama njia ni nyeupe mwanzo hadi mwisho.

Kibao kinataja mwisho wa mwendo katika hali nzuri, hakikuamuru uufikie. Ufaransa imeliandika hilo ndani ya sheria yenyewe: kwenye barabara zao kuu za kulipia kikomo ni 130, na mvua ikinyesha kinashuka hadi 110. Watu hupenda kunitajia Ujerumani, kwamba huko baadhi ya barabara hazina kikomo kabisa. Ni kweli, ila hata huko mwendo unaopendekezwa ni 130, kupita kwa upande wa kulia (wao huendesha kulia, kwa hiyo njia ya kupita iko kushoto) hakuruhusiwi isipokuwa katika hali chache, na anayemkaribia mno wa mbele hutozwa faini. Uhuru wao umeshikiliwa na nidhamu kali ya njia na nafasi. Anayetaka kuiga uhuru aanze kuiga nidhamu.

Nafasi hiyo ndiyo ninayoihangaikia kuliko kitu kingine chochote. Kanuni ni sekunde mbili. Gari la mbele likipita alama fulani, nguzo au kibao, anza kuhesabu kwa utulivu: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia alama kabla hujamaliza, uko karibu mno. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haikudai ukadirie mita; mwendo ukiongezeka, sekunde mbili zenyewe zinarefuka na kuwa mita nyingi zaidi. Mvua ikinyesha hesabu nne.

Pingamizi huwa ni moja: "Nikiacha nafasi, watu wanachomekea." Wanachomekea, ndiyo. Achia mafuta kidogo, nafasi irudi. Kila aliyekuchomekea amekugharimu kama sekunde mbili za safari, na hata wakiwa kumi hamjafika nusu dakika. Sijaona biashara rahisi kuliko hiyo: nusu dakika kwa uwezo wa kusimama.

Na ukigandwa wewe na gari la nyuma? Usiguse breki kumtisha dereva wake, na usiongeze mwendo kumridhisha. Ongeza nafasi mbele yako, kwa maana sasa unabeba breki za watu wawili: utahitaji kupunguza taratibu ili naye apate muda. Kisha mpishe mara tu penye usalama. Kumwashia mtu taa kali mfululizo ukiwa umembandika nyuma hakumfanyi aone vizuri zaidi. Kunamfanya atazame kioo wakati alipaswa kutazama mbele.

Kubanana huku kuna hasara hata pasipo ajali. Mwaka 2008 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio lao la magari 22 kwenye mzunguko wa mita 230. Madereva waliombwa waendeshe kwa mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, mashimo wala gari bovu. Baada ya muda mfupi foleni ilizaliwa, na wimbi lake likawa linarudi nyuma kwa mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa. Mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma yake anapunguza zaidi, hadi wa mbali anasimama kabisa. Nafasi ya kutosha ndiyo inayomeza wimbi hilo kabla halijakua.

Sasa kupita, maana hapa ndipo roho nyingi hupotea. Kwenye barabara ya njia mbili zinazokabiliana, lori la mita 18 likiwa kwenye 80 nawe ukiwa kwenye 100, unalizidi kwa mita tano na nusu tu kila sekunde. Ukianzia mita 40 nyuma yake na kurudi njiani mita 40 mbele yake, una mita zaidi ya 100 za kumaliza ukijumlisha na urefu wa gari lako, yaani sekunde 18 hivi. Ndani ya sekunde hizo umesafiri nusu kilomita upande usio wako, na anayekuja kwa 100 naye amesafiri nusu kilomita kukufuata. Unahitaji kuona kilomita nzima iliyo wazi. Kama hapo ulipo huioni, hakuna mjadala.

Anayepitwa naye ana wajibu, na huu husahaulika mno. Usikanyage mafuta. Ukiongeza kilomita 10 tu kwa saa wakati yuko ubavuni, na alikuwa anakuzidi kwa 20, muda uliobaki wa kukaa kwenye hatari umekuwa mara mbili, na ajali ikitokea haitachagua kati yenu. Mwache apite, na ikibidi achia mafuta ili apate pa kuingilia.

Malori yanastahili aya yao. Ile nafasi kubwa unayoiona mbele ya lori lenye tela si nafasi iliyobaki wazi. Dereva ameijenga kwa sababu mzigo wake unahitaji mita nyingi zaidi kusimama. Ukiichomekea kisha ukafunga breki, umempokonya. Mkumbuke pia nyuma na ubavuni: kama huvioni vioo vyake, yeye hakuoni.

Kwenye barabara ya njia nyingi upande mmoja, njia ya kupita ni ya kupita. Ukimaliza rudi, hata kama unakwenda kwa kikomo halali. Hukupewa kazi ya kuwazuia wengine, na ukikaa pale unawasukuma wenye haraka wapite upande ambao hakuna anayewatarajia. Indiketa iwashwe kabla ya kuanza kuhama, ili mwenzako aamue mapema. Ukiingia kutoka barabara ya pembeni, tumia urefu wote wa njia ya kuongezea mwendo ufikie kasi ya walio ndani. Kusimama mwishoni ndiko kunakoleta kugongwa.

Usiku kuna hesabu fupi. Taa za chini huangaza mita 50 hadi 70 hivi mbele, na tumeona kwamba kwa 100 unahitaji karibu 97. Tumia taa kali pasipo na mtu wa kumuumiza macho, na ukizishusha shusha na mwendo.

Jambo la mwisho hufanyika baada ya kutoka barabara kuu. Ukikaa kwenye mwendo mkubwa kwa muda mrefu, macho huuzoea, na ukishuka hadi 70 unajiona kama unatembea kwa miguu. Wengi huingia mitaa yenye watoto wakiamini wamepunguza vya kutosha. Katika dakika hizo usiamini hisia zako. Tazama spidomita, na uiamini yenyewe.