Fulana nyekundu haiiti radi

Kila tukipanga matembezi ya Milima ya Maragoli, hakosi mtu wa kuambiwa abadilishe fulana nyekundu, eti rangi hiyo huvuta radi. Radi haioni rangi. Hutafuta njia nyepesi ya kufika ardhini, na mara nyingi huipata kwenye kitu kirefu kilichosimama peke yake: mti, mlingoti, au wewe uliyepanda juu ya jabali kupiga picha.

Kinachoniuma ni huyu wa fulana ya kijivu anayejiona salama, kisha mvua ikianza anakimbilia chini ya mkaratusi. Hapo ndipo penye hatari. Umeme hushuka na shina, ukamrukia aliyeliegemea, au ukasambaa ardhini hadi miguuni mwake. Viatu vya mpira havizuii kitu.

Huku karibu na Ziwa Victoria ngurumo huzidi alasiri na jioni, kwa hiyo ondokeni alfajiri, mwe mmeshuka kabla ya saa saba. Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia. Teremka, ingia nyumba imara au gari lililofungwa madirisha, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kibanda cha sokoni kisicho na kuta hakitoshi.

Na jamani, aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni! Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwenzako akipiga 999 au 112.