Tundu la moyo la mtoto: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

"Kapigwa jicho." Ndilo neno la kwanza hapa Tanga mtoto anaponyonya kidogo, akaliachia ziwa akihema, jasho likimtiririka kipajini, kisha akalitafuta tena. Hirizi inafungwa, wiki zinapita. Jamani, mtoto huyo amechoka. Kwa mwenye moyo wenye kasoro, kunyonya ni kama kupanda Lushoto kwa miguu. Karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo: tundu kwenye ukuta wake, mshipa wa karibu nao usiojifunga, au nyingine. Jirani hana mkono wake hapo, na mama asilaumiwe.

"Tiba ni India tu." Zamani, ndiyo. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na leo watoto wanatibiwa pale pale, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

"Lazima apasuliwe kifua." Hili ndilo linalowakimbiza wazazi, na ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa unaopitisha damu kando ya mapafu, maana hajaanza kupumua. Akizaliwa, unatakiwa ujifunge ndani ya siku chache. Usipojifunga, mara nyingi daktari huingiza mrija mwembamba kwenye kinena, akaupandisha hadi kwenye mshipa huo, akaacha kizibo. Kifua hakiguswi.

Na kizibo chenyewe! Kule La Paz, Bolivia, zaidi ya mita 3,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mshipa huo hugoma kufunga kwa watoto wengi. Daktari Franz Freudenthal wa huko alibuni aina moja ya kizibo, cha waya mmoja wa nikeli na titani, na wanaokisuka kwa mkono ni wanawake wa Kiaymara, kabila la huko, waliokulia kwenye ufumaji. Waya hunyooka ndani ya mrija. Ukitoka, unarudia umbo lake. Mama wa kwetu anayesuka ukili au kushona kofia ataelewa kazi hiyo kabla ya profesa.

"Akikua litaziba." Tundu dogo, mara nyingi kweli. Kubwa hupeleka damu nyingi kupita kiasi kwenye mapafu mpaka mishipa ya huko ikakamae, na ikifika hapo hata kuliziba ni hatari. Kwa hiyo mtoto anayehema akinyonya, mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha karibu, hata kama hana homa. Mwombe daktari amsikilize moyo, na akisikia mvumo, yaani sauti isiyo ya kawaida, aandike rufaa ya kipimo cha eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.