Kompyuta Ilianza na Swali

"Mashine zilikuja kwanza, wanahisabati wakaja kuzieleza baadaye."

Wengi hudhani hivyo, lakini ni kinyume chake. Mwaka 1928 wanahisabati David Hilbert na Wilhelm Ackermann, Ujerumani, waliuliza: je, ipo njia ya hatua kwa hatua ya kuamua kama kauli yoyote ya kimantiki ni sahihi? Mwaka 1936 Alonzo Church wa Princeton na Alan Turing wa Cambridge, kila mmoja kivyake, walijibu: haipo. Kompyuta ya kielektroniki ilikuwa bado haijaundwa.

Kinachonivutia ni jinsi Turing alivyofika hapo. Huwezi kuthibitisha kwamba njia haipo kabla hujasema "njia" ni nini. Akamtazama mtu anayekokotoa kwa kalamu na karatasi (enzi hizo, kwa Kiingereza, "kompyuta" lilikuwa jina la mtu huyo), akapunguza kila lisilo la lazima. Vikabaki utepe wenye alama, kichwa cha kusoma na kuandika, na orodha ya amri. Kisha akaonyesha kuwa mashine moja inaweza kuiga nyingine zote, ikiandikiwa maelezo yao kwenye utepe wake. Simu moja kuwa saa, ramani na daftari la mahesabu ni wazo hilohilo.

"Kompyuta ikiwa na kasi ya kutosha, itatatua lolote."

Hii ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Chukua hoja ya Turing kwa umbo linalofundishwa leo. Tuseme ipo programu Mkaguzi: ukiipa programu yoyote, inakwambia kama itafika mwisho au itazunguka milele. Nami naandika programu yangu, inayomuuliza Mkaguzi habari zake yenyewe, kisha inafanya kinyume. Akisema "itafika mwisho", inazunguka milele. Akisema "itazunguka", inasimama papo hapo. Lolote atakalosema, amekosea. Basi Mkaguzi asiyekosea hawezi kuwepo, hata umpe kasi na kumbukumbu isiyo na kikomo.

"Turing aliunda Colossus ili kuvunja Enigma."

Hapa mambo mawili yamechanganywa. Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe kwa mafumbo, ilivunjwa kwanza na Wapolandi, Marian Rejewski akitangulia mwaka 1932. Turing alibuni Bombe ya Uingereza, mashine ya kazi hiyo moja tu. Colossus, kompyuta ya kielektroniki, iliundwa na Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta ya Uingereza, ikaanza kazi Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja mafumbo ya adui, mwaka 1944 dhidi ya fumbo jingine la Wajerumani, la mashine ya Lorenz. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Colossus nyingi zilibomolewa na habari zake zikafichwa hadi miaka ya 1970. Kwa muda wote huo ENIAC ya Marekani, iliyozinduliwa mwaka 1946, ilitajwa kuwa kompyuta ya kielektroniki ya kwanza, na Flowers hakuruhusiwa kusema neno.