Kugeuza tamthilia ya runinga kuwa filamu: mfano wa Firefly na Serenity

Kugeuza tamthilia kuwa filamu ni kuchukua ulimwengu na wahusika waliokwisha kuonekana runingani kwa saa nyingi, kisha kuwatungia hadithi moja ya sinema inayoanza na kuisha ndani ya saa mbili hivi. Wengi hudhani ni kufupisha. Anayefupisha hupata muhtasari, na muhtasari haumtoi mtu nyumbani akalipe kiingilio. Kazi hasa ni kuchagua: katika maswali yote ambayo tamthilia iliyaacha wazi, lipi linaweza kujibiwa kwa namna ambayo wahusika hawatarudi tena walikokuwa?

Maana runinga inaishi kwa kutojibu. Sehemu moja ya dakika 44 huzua balaa, balaa linatatuliwa, na wiki inayofuata watu ni wale wale, chombo ni kile kile, madeni ni yale yale. Filamu haina wiki inayofuata.

Ugumu huongezeka tamthilia ikiwa ya bunilizi za kisayansi iliyotazamwa na wachache, lakini wachache hao wanaijua neno kwa neno. Firefly ya Joss Whedon ni mfano mzuri. Ilianza kuonyeshwa Fox, kituo cha runinga cha Marekani, Septemba 2002: watu tisa ndani ya meli kuukuu ya mizigo ya angani, mwaka 2517, chini ya dola iitwayo Alliance ambayo baadhi yao walipigana nayo vitani wakashindwa. Fox waliiruka sehemu ya ufunguzi ya saa mbili, wakaanza na nyingine, na ile ya kwanza ikaja kuonyeshwa mwisho, Desemba. Zilitengenezwa sehemu 14, zikaonyeshwa 11, ikafutwa. DVD zilipotoka Desemba 2003 zikauzika vizuri kiasi kwamba studio ya Universal walikubali kuigharamia filamu, Serenity, iliyoingia sinema za Marekani tarehe 30 Septemba 2005.

Mwandishi wa filamu ya namna hii ana watazamaji wa aina mbili katika ukumbi mmoja. Wa kwanza anajua kila kitu na anachukia kuelezwa upya. Wa pili hajui hata jina la kapteni. Dakika za mwanzo za Serenity zinafaa kuangaliwa taratibu kwa sababu hiyo. Tunaanza na sauti inayosimulia jinsi binadamu walivyoihama dunia. Kumbe ni mwalimu darasani. Kumbe darasa liko akilini mwa River, binti aliyefungwa kwenye maabara. Kaka yake Simon anamtorosha, kisha picha inaganda: kumbe ni kumbukumbu ya kamera inayotazamwa na jasusi wa Alliance anayemtafuta. Mgeni amepata historia ya ulimwengu, kosa la serikali, sababu ya msako na adui mwenyewe, wala hajahisi anafundishwa. Shabiki naye anapata alichokuwa akisimuliwa tu runingani.

Halafu inakuja shoti moja ndefu, yaani picha isiyokatwa, ya dakika kadhaa inayomfuata kapteni Mal kutoka chumba cha rubani hadi ghala la mizigo. Kila anayekutana naye ana shida yake papo hapo: rubani Wash hana hakika kama watatua salama, Jayne anataka mabomu ya mkono, Kaylee anahangaika na injini, Simon hataki dada yake apelekwe kwenye wizi. Hakuna anayejitambulisha, tunamjua kila mmoja kwa ugomvi wake. Kiufundi kuna mkato uliofichwa njiani, kwa kuwa sakafu ya juu na ya chini ya chombo zilijengwa kama seti mbili. Shoti hiyo ina kazi nyingine pia: inampa mgeni ramani ya chombo, ambayo shabiki aliipata kwa sehemu 14.

Angalia vilevile nani hayumo. Kati ya wale tisa, Inara na mhubiri Book hawako chomboni filamu inapoanza. Hiyo ni hesabu ya kawaida ya uandishi: nyuso saba zinashikika kwa mkupuo mmoja, tisa zinamwelemea mtazamaji. Lakini ina gharama. Book anauawa katikati ya filamu, na kifo chake kimewekwa kama jambo zito linalombadilisha Mal. Kwa shabiki kinauma. Kwa aliyemwona Book dakika chache tu, ni mzee mwema aliyekufa. Hapo ndipo filamu hizi hukosea mara nyingi: zinadai machozi kwa mapenzi yaliyojengwa mahali pengine. Kifo cha Wash kinafanya kazi kwa wote, kwa kuwa tumekuwa naye tangu mwanzo, na kinakuja sekunde chache baada ya kutua kwa shida, wakati mtazamaji ameshashusha pumzi. Kuanzia hapo hakuna anayeamini kwamba waliobaki watapona.

Swali lililochaguliwa lilikuwa la Reavers, watu wala watu. Runingani ilisemwa tu kwamba walifika ukingo wa anga, wakaona utupu, wakapata wazimu. Filamu inawaunganisha na siri iliyomo kichwani mwa River: kwenye sayari ya Miranda serikali ilitia dawa hewani ili kutuliza watu. Milioni 30 wakatulia mno, wakaacha kula na kufanya kazi, wakafa. Sehemu ndogo, kama asilimia 0.1, ikapata athari ya kinyume, na hao ndio Reavers. Maswali mawili, jibu moja. Huo ni uchumi wa kweli wa skripti.

Ili hayo yakae, mengine yalipindishwa. Kwenye tamthilia Simon alilipa watu wamtoroshe dada yake. Kwenye filamu anaingia maabara mwenyewe. Mashabiki kindakindaki walilalamika, ila kwa maoni yetu mwandishi alikuwa sahihi, kwani mtu kulipa pesa nje ya picha si tukio la sinema.

Star Trek, tamthilia nyingine ya anga, ilipita njia hiyo mapema. Filamu yake ya kwanza, 1979, ilitumia dola zaidi ya milioni 40, na muda mrefu ukaishia kuzunguka chombo kwa kukistaajabia. Ya pili, 1982, ilitumia chini ya theluthi ya fedha hizo, ikamrudisha Khan, adui wa sehemu moja ya 1967, na hadi leo ndiyo inayosifiwa zaidi. Khan anamtambua Chekov, mmoja wa maafisa wa chombo, ingawa Chekov hakuwa ameingia kwenye tamthilia wakati Khan alipoonekana. Hitilafu hiyo haikuiua filamu.

Kuna namna nyingine: The X-Files iliweka filamu ya 1998 kati ya msimu wa tano na wa sita, ikalazimika kuacha mambo wazi ili runinga iendelee. Doctor Who ilisimuliwa upya kwa sinema mwaka 1965 kwa mwigizaji mwingine, Peter Cushing.

Mwisho wa yote ni fedha. Serenity iligharimu dola milioni 39 kuitengeneza, na majumba ya sinema duniani yakakusanya takribani milioni 40. Inaonekana imerudisha, lakini karibu nusu ya tiketi hubaki kwa wenye kumbi, na matangazo hulipwa kando. Wikendi ya kwanza ilileta milioni 10 huko Marekani. Mashabiki walifika mapema, na wengine hawakuwafuata wa kutosha. Filamu ya pili haikutengenezwa. Hadithi iliendelea kwenye vitabu vya katuni.