Kumtafuta fundi wa tsuba: kwa nini sahihi naisoma mwisho

Tsuba ni bamba la chuma au la shaba, pana kiasi cha sentimita 7 hadi 8, linalokaa kati ya mpini na ubapa wa upanga wa Kijapani ili kuukinga mkono. Ninapoletewa tsuba ya kale yenye sahihi, kwanza huifunika sahihi hiyo kwa karatasi na kuitazama kazi yenyewe, kwa sababu majina makubwa ndiyo yaliyoigwa mno.

Chukua fundi Soten wa Hikone, katika mkoa wa kale wa Omi. Tsuba zilizochongwa jina la Soheishi Nyudo Soten ni nyingi kupita kiasi, nazo huonyesha wenye hekima wa Kichina chini ya misonobari, au wapiganaji vitani, huku chuma kikiwa kimetobolewa na nyuso kupambwa kwa dhahabu na fedha. Karakana moja isingeweza kuzitengeneza zote. Nyingi ni za mafundi wengine waliofuata mtindo huo, ambao leo huitwa Hikone-bori. Basi mimi hutazama uso mmoja baada ya mwingine. Katika kazi bora kila mzee ana sura yake na jambo analolitazama, ilhali katika mwigo wote wanafanana na macho yao hayaelekei popote.

Hata jina lililochongwa kwa nia njema huweza kumpotosha msomaji. Wakuu wa mwanzo wa ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Yujo (1440–1512) na kusifika hasa kwa mapambo madogo ya upanga, kwa kawaida hawakutia sahihi. Warithi wao wa baadaye ndio waliochonga jina la babu kwenye kazi waliyoiamini kuwa yake, wakaongeza na la kwao. Hiyo ni hukumu ya mjukuu, wala si mkono wa babu.

Nakshi nazo zina lugha yake, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Shoka, kinanda cha nyuzi na ua la krisanthemo vikiwekwa pamoja havina maana mpaka uvitaje kwa Kijapani: yoki, koto, kiku, maneno ambayo pia husikika kama "kusikia mambo mema". Washairi wetu wangeitambua mara moja kuwa ni jinasi. Pengine utaona ufagio na reki tu, bila mtu; hao ni Jo na Uba, mume na mke wazee wa igizo la kale liitwalo Takasago, wanaotajwa kwa vyombo vyao pekee katika mtindo uitwao rusu-moyo, yaani nakshi ya asiyekuwepo.

Hata hivyo, michoro hiyo ilisambaa kwa vitabu vya vielelezo kutoka karakana hadi karakana. Kwa hiyo michoro hunieleza tu alichokitaka mvaaji. Aliyechonga mimi humtafuta katika alama za tindo, katika rangi ya chuma, na katika tundu la kati linalopitisha upanga, ambalo likiwa limepanuliwa hadi kumega herufi za sahihi, najua kwamba sahihi ilikuwapo kabla ya upanuzi huo.