Mkutano wa kijiji si wa kusikiliza taarifa tu

Vijijini Mufindi na Rungwe, Tanzania, utasikia: "Mikaratusi inayonyonya maji ya chemchemi ni suala la wilaya, sisi mkutanoni tunasikiliza tu." Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ikishaandaa rasimu, inaitisha mkutano mkuu, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, watoe maoni. Kisha rasimu na muhtasari wa mkutano hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Mambo hukwama hapo. Kijiji kikitoza faini kabla ya idhini, faini hiyo haina nguvu kisheria. Muhtasari usio na mahudhurio yenye sahihi nao ni rahisi kupingwa.

Kwenye rasimu andikeni na kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Chukueni kamba, pimeni kuanzia ukingoni, si katikati ya maji, mwenye kinyungu (bustani ya bondeni yenye unyevu) akiwepo. Akipimiwa hayupo, ugomvi unarudi palepale. Na asikilizwe mapema: kinyungu ndicho chakula chake cha kiangazi.