Mgombea binafsi maana yake nini, na kwa nini Kenya anaruhusiwa ila Bongo hapana

Kila uchaguzi ukikaribia hili swali linarudi. Mtu anakatwa jina kwenye kura za maoni za chama chake, wafuasi wake wanawaka, na lazima atokee mmoja aseme "si agombee tu kama mgombea binafsi". Tanzania haiwezekani. Kenya inawezekana, na kule wanamwita mgombea huru. Ni kitu kilekile, mtu anayeingia kwenye karatasi ya kura bila kudhaminiwa na chama chochote cha siasa.

Wengi wanachanganya hapa: mgombea binafsi sio mtu asiye na itikadi wala sio lazima awe mtu msafi aliyechoshwa na vyama. Anaweza kuwa ametoka CCM juzi tu. Tofauti iko kwenye karatasi moja, fomu ya uteuzi. Ukichukua fomu ya ubunge hapa kwetu unatakiwa upate wadhamini, wapiga kura 25 walioandikishwa jimboni kwako, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja kama una marafiki. Kinachoua ni kwamba chama nacho lazima kikuteue na kithibitishe kwamba wewe ndo mtu wake. Bila hapo msimamizi wa uchaguzi hana cha kufanya na wewe, hata kama jimbo zima linakutaka. Urais hivohivo, sheria inataka wadhamini 200 kwenye kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili iwe ya Zanzibar, sawa hao unawapata, ila chama kisipokuteua hao wadhamini wote ni kazi bure.

Ndo maana watu wanahama vyama kama daladala mwezi wa saba na wa nane. 2015 Lowassa, waziri mkuu wa zamani, alikatwa na CCM kwenye mbio za urais Dodoma Julai, na kabla Agosti haijaingia alishakuwa CHADEMA. Watu walimsema sana kwamba ni tamaa, mi sibishi, ila tukubaliane kwamba sheria haikumwachia njia nyingine ya kuwa kwenye karatasi ya kura. Ama utafute chama ama ukae nyumbani.

Sasa Kenya. Katiba yao ya 2010, ibara ya 85, inasema unaweza kugombea kama huru ilimradi sio mwanachama wa chama chochote na hujawa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Hiyo miezi mitatu ina akili sana, imewekwa ili mtu aliyeshindwa mchujo wa chama asivue tu shati la chama leo na kesho awe huru. Ila mchujo 2022 ulifanyika Aprili na uchaguzi ulikuwa Agosti 9, kwa hiyo kalikuwepo kadirisha kadogo, na walioshindwa mchujo wakiwa na hasira walipita hapohapo. Wagombea huru wengi wa Kenya ni hao, sio wanaharakati.

Baada ya hapo unatakiwa kuleta watu. Kiti cha MCA, yani diwani wao, ni wapiga kura 500 wa wadi hiyo. Ubunge 1,000 wa jimbo. Useneta 2,000 wa kaunti. Mwenzako mwenye tiketi ya chama kwenye hivyo viti hahitaji hiyo foleni, chama ndo kinamtosha. Urais ndo balaa, angalau watu 2,000 kutoka kila kaunti kwenye zaidi ya nusu ya kaunti 47, maana yake kaunti 24, na kima cha chini ni saini 48,000. Hapo hata wa vyama wanatakiwa kuzileta, ila chama kina matawi kila mahali na wewe huna. Jaribu kupiga picha huna ofisi Mandera wala Turkana, unamtuma kijana na makaratasi azunguke sokoni aombe watu jina, namba ya kitambulisho na saini, na kila mtu anamuuliza namba yangu unaipeleka wapi. 2022 IEBC, yani tume yao ya uchaguzi, ilitaka mpaka kopi za vitambulisho vya hao wote, mahakama ikaja kusema hapana, hilo limezidi. Juu ya hayo lazima uwe na alama yako mwenyewe ya kwenye karatasi isiyofanana na ya chama, na tume iikubali.

Mfano unaoonesha hii mambo ilivyo ni Reuben Kigame, mwanamuziki wa injili asiyeona, aliyetaka urais 2022 kama huru. Tume ikamkatalia. Akaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaona amekosewa, ikaiambia tume imwangalie upya, lakini saa zilikuwa zimeshakimbia na jina lake halikuingia. Karatasi ya urais ikatoka na watu wanne, wote wa vyama. 2017 wagombea huru wa urais walifika watatu kwenye karatasi, kwa hiyo mlango upo, ila ni mwembamba.

Ngazi za chini wanashinda kweli. 2017 Mohamed Kuti alichukua ugavana wa Isiolo na Ndiritu Muriithi wa Laikipia, wote huru. 2022 Kawira Mwangaza akashinda Meru. Huyu mama pia anaonesha upande wa pili wa hii habari, maana unaingia ofisini huna chama nyuma yako kwenye bunge la kaunti, na MCA wakikugeuka hakuna katibu mkuu wa kuwapigia simu awatulize. Walimpigia kura ya kumng'oa zaidi ya mara moja, Seneti ikamwokoa, halafu Agosti 2024 ikamwondoa. Sisemi kaondolewa kwa sababu ni huru tu, zilikuwepo tuhuma, ila upweke haukumsaidia. Na ukiwa mbunge uliyechaguliwa kama huru ukajiunga na chama katikati ya muhula, kiti unapoteza.

Turudi nyumbani, maana hapa ndo historia imenoga. Vyama vingi viliporudi 1992 katiba ikaandikwa kwamba mgombea lazima atokane na chama. Mchungaji Christopher Mtikila akafungua kesi Mahakama Kuu Dodoma 1993, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akasema mgombea binafsi ni haki. Serikali ikafanya nini? Bunge likapitisha marekebisho ya 11 ya katiba Desemba hiyohiyo na kuufunga mlango tena. Mtikila hakuchoka, akarudi mahakamani, Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi mara ya pili. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikafuta ule ushindi na kusema hili ni suala la kisiasa, waachiwe Bunge.

Mzee akapanda Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na TLS (chama cha mawakili) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) nao wakaenda na kesi hiyohiyo. Serikali ikajenga hoja ya umoja wa kitaifa na ukabila, mahakama haikununua. Tarehe 14 Juni 2013 ikasema Tanzania imevunja haki ya kushiriki siasa na uhuru wa kujumuika, maana uhuru wa kujiunga na chama unabeba na uhuru wa kutojiunga, na ikaiamuru irekebishe sheria. Ramadhani wakati huo alikuwa jaji wa hiyohiyo mahakama ya Arusha, hakukaa kwenye hii kesi kwa sababu jaji hasikilizi kesi ya nchi yake. Mtikila aliomba na fidia, 2014 wakamnyima. Oktoba 2015 akafariki kwa ajali ya gari, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao bado hakuweza kugombea bila chama.

Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya wananchi, iliweka mgombea huru, ila kura ya maoni ya katiba mpya iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na mpaka leo haijapigwa. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililokuwa linaruhusu mwananchi na asasi kwenda moja kwa moja Arusha, kwa hiyo hata njia aliyopita Mtikila imefungwa kwa atakayetaka kumfuata. Kilichobaki ni kubadili katiba kwa theluthi mbili ya wabunge, na kila mbunge wa jimbo anayepiga hiyo kura aliteuliwa na chama, na akifukuzwa uanachama katiba inasema ubunge nao unaisha.